Kutia Rimu Mpya katika Benzi Kuukuu

Ndugu mkulima, katika gazeti hili umezoea kusoma habari za dipu, za mbegu za viazi na za ugonjwa wa miguu na midomo. Mwezi huu nimepewa nafasi nikuambie habari za motokaa, tena motokaa ya kifahari. Usicheke kwanza. Simama Njabini siku ya soko utazame barabarani. Kati ya pikapu na matatu utaona Benzi kuukuu ikipita, tope limeipanda mpaka madirishani, na ndani ya buti mna mikebe ya maziwa na gunia la viazi. Wazee wetu walipopewa mashamba katika Skimu ya Ekari Milioni, iliyoanza mwaka wa 1962, gari la namna hiyo lilikuwa la wakubwa tu, na wenye kulipanda waliitwa Wabenzi. Leo gari lililoundwa mwaka wa 1980 haliuzwi tena kwa bei ya wakubwa. Mtu akiuza maksai wake na viazi vya msimu mmoja mwema, huenda akalipata kwa mtu aliyestaafu.

Gari ninalolisema hasa ni Mercedes-Benz ya namna iitwayo W123. Saluni za namna hiyo ziliundwa tangu mwaka wa 1976 hadi 1985. Ukihesabu na zile za milango miwili na zile za mgongo mrefu, ziliundwa karibu milioni 2.7. Si gari dhaifu. Mwaka wa 1977 Andrew Cowan alishinda mashindano ya kutoka London mpaka Sydney akiendesha 280 E ya namna hiyo. Hata kabla yake, Benzi za namna za zamani zaidi zilishinda Safari ya Afrika Mashariki miaka 3 mfululizo, 1959, 1960 na 1961, katika barabara ambazo baba zetu walizijua kwa tope lake. Inayopendwa sana na wakulima ni 240 D, kwa kuwa hunywa dizeli kama trekta na injini yake husamehe makosa mengi.

Lakini magurudumu hayasamehi, na ndiyo sababu ya kuandika.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Si fundi. Haya nilijifunza kwa hasara ya mzee wangu. Yeye alinunua 240 D ikiwa na rimu zake za chuma na vifuniko vya rangi ya gari. Mwaka mmoja viazi vikawa na bei, naye akaona haya kuendesha gari lenye rimu zilizoliwa na kutu. Akanunua rimu nne za aluminiamu, zinang'aa kama sufuria za arusi, akazipeleka kwenye gereji moja mjini. Kijana wa gereji alizitia kwa muda wa nusu saa, akatumia bolti alizozipata katika mkebe mezani. Rimu zilikaa vizuri, wala hazikucheza. Mzee alilipa akaenda zake akifurahi.

Baada ya wiki 3 alikuwa akimpeleka mama kliniki. Katika mteremko akasikia sauti, ko, ko, ko, akadhani ni kijiwe kimeingia mahali. Alipokanyaga breki, gurudumu la mbele la kushoto lilitoka, likalipita gari, likaruka mtaro na kuingia katika shamba la kabichi la mtu. Gari lilikwaruza lami kwa chuma cha breki likasimama ukingoni mwa mtaro. Mama alivunjika mkono. Mzee hupenda kusema kwamba gurudumu lake ndilo lililofika kliniki kwanza, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka.

Fundi mwingine, mzee aliyezoea magari hayo, alituonyesha kosa. Aliweka bolti mbili mkononi mwangu akaniambia nizitazame shingoni, yaani pale chini ya kichwa panapokaa katika tundu la rimu. Moja ilikuwa ya mviringo kama mgongo wa kijiko. Ya pili ilikuwa imechongoka kama faneli. Ya mviringo ndiyo ya Benzi. Iliyochongoka ni ya gari jingine. Nyuzi zake ni zile zile, unene wa milimita 12 na hatua ya milimita 1.5, kwa hiyo huingia bila taabu na hukaza kweli. Lakini bolti iliyochongoka ikikaa katika tundu la mviringo hugusa mstari mwembamba tu, kama pete ya uzi. Gari likitembea, mstari ule husagika kidogo kidogo, bolti hulegea, rimu huanza kucheza, na matundu hupanuka yakawa kama mayai. Matundu ya rimu za mzee yalikuwa hivyo hasa, na bolti mbili zilikuwa zimekatika.

Basi kabla hujatoa fedha yako, jifunze kusoma rimu. Maandishi yamepigwa katika chuma, mara nyingi upande wa nyuma au karibu na matundu. Tuseme umekuta 6J x 14 H2 ET 30. Namba 6 ni upana kwa inchi, pale tairi linapokaa. J ni umbo la ukingo. 14 ni kimo cha rimu kwa inchi. H2 maana yake kuna matuta mawili ya kuzuia tairi lisilo na tyubu lisitoke mahali pake. ET ni herufi za Kijerumani, na namba yake ndiyo inayosahauliwa na watu wengi. Huonyesha, kwa milimita, umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wa rimu unaogusa habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa. Namba ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani zaidi chini ya gari. Ikiwa ndogo, gurudumu hutokeza nje.

W123 ilitoka kiwandani na rimu za inchi 14, nyingi upana wake 5.5 au 6, ET 30. Bolti ni 5, na duara linalopita katikati ya matundu lina milimita 112. Tundu kubwa la katikati lina milimita 66.6, nalo hukaa juu ya kitovu cha habu bila nafasi.

Hapa ndipo hatari ilipo. Benzi iliyofuata, W124, nayo ina bolti 5 na duara la milimita 112. Rimu zake za inchi 15 huonekana katika maduka ya vyuma vikuukuu, na muuzaji atakuapia kwamba ni za Benzi, na kweli ni za Benzi. Lakini nyingi ni 6.5J, ET 48 au 49. Twaa kalamu tufanye hesabu, maana mwalimu haachi kazi yake. Inchi 1 ni milimita 25.4. Rimu ya 6J ina upana wa milimita 152, nusu yake 76. Ukiongeza ET 30, ukingo wa ndani uko milimita 106 kutoka usoni mwa habu. Rimu ya 6.5J ina upana wa milimita 165, nusu yake 82 na nusu. Ukiongeza ET 48, ukingo wa ndani uko milimita 130 na nusu. Kwa hiyo gurudumu limeingia ndani karibu milimita 25, yaani inchi moja nzima, mahali penye mikono ya usukani, springi na bomba za breki. Gari likiwa limesimama uani, labda huoni neno lo lote. Kata kona umebeba watu wanne, ndipo tairi huweza kugusa chuma.

Wengine hutia pete ya chuma kati ya habu na rimu ili kulitoa gurudumu nje. Hufanywa, na pete iliyochongwa sawasawa, yenye kitovu chake na bolti ndefu zinazolingana nayo, huweza kufanya kazi. Lakini pete nyingi nilizoziona zilikatwa katika bati nene kwa tindo. Shauri langu ni kutafuta rimu iliyo sawa tangu mwanzo. Hata kinyume chake ni kibaya: rimu pana yenye ET ndogo hutokeza nje, huupaka mlango tope, huuvuta usukani kila upitapo shimo, na huongeza mzigo juu ya beringi.

Kuna na rimu za Audi, zenye duara lile lile la milimita 112. Kwa nyingi, tundu lake la katikati ni milimita 57.1, kwa hiyo haliingii katika habu ya Benzi. Fundi akikuambia atalipanua kwa tupa, chukua rimu yako uende zako.

Rimu kuukuu ya aluminiamu itazame juani. Ioshe, uipake maji ya sabuni, ukatafute nyufa katika mikono yake na pande zote za matundu ya bolti. Rimu iliyochomelewa karibu na matundu hayo isikubaliwe, hata ukipewa bure. Iviringishe sakafuni penye saruji laini. Ikitikisika kama mtu mlevi, imepinda.

Sasa tairi. Saluni zenye injini ndogo, pamoja na 240 D, zilitumia 175 R14. Zenye injini kubwa zilitumia 195/70 R14. Katika 195/70 R14, 195 ni upana kwa milimita, na 70 ni kimo cha ubavu kwa kila 100 ya upana, yaani milimita 136 na nusu. Mara mbili ni 273. Ongeza rimu ya inchi 14, ambayo ni milimita 356, upate kimo cha gurudumu zima, karibu milimita 629. Mtu akikuuzia 205/70 R15 kwa kusema gari litainuka lipite tope, hesabu vivyo hivyo: utapata milimita 668. Gurudumu hilo ni kubwa kwa sehemu 6 katika 100. Saa ya mwendo ikionyesha kilomita 80, wewe unakwenda 85, na tairi litakwaruza bati ukikata usukani mpaka mwisho.

Baada ya ukubwa kuna namba ya mzigo. 88 ni kilo 560 kwa kila tairi, 91 ni kilo 615, 82 ni kilo 475 tu. Tuseme gari lako, pamoja na watu na viazi, lina kilo 1,900. Gawanya kwa 4 upate 475. Lakini mzigo haugawanyiki sawa, maana viazi viko nyuma, kwa hiyo tairi la 82 litakuwa limepita nguvu zake kabla hujatoka langoni. Usinunue chini ya 88.

Tena soma tarehe. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu 4. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno marefu mara nyingi lina meno kwa sababu lilikaa stoo miaka mingi. Lililopita miaka 10 usilitie, hata likionekana jipya, na lililopita 6 likunje kwa mikono utazame kama ubavu una nyufa.

Haya, tuingie kazini. Weka gari mahali palipo sawa na pagumu, si juu ya nyasi zilizolowa. Vuta breki ya kuegesha, tia gia, weka vipande vya mti mbele na nyuma ya gurudumu la upande mwingine. Legeza bolti kidogo kabla ya kuinua. Jeki ya gari hili huingia katika matundu yaliyo ubavuni chini ya milango. Kwa gari la miaka arobaini, kwanza gonga mahali pale kwa kipini cha bisibisi. Likilia kama bati la debe bovu, kutu imekula, na jeki itapenya ndani gari likuangukie. Hapo tumia jeki ya chini ukaiweke penye chuma kizima. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Gurudumu likitoka, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Kutu iliyobaki hapo ni kama punje ya mchanga chini ya jiwe la kusagia. Rimu haitakaa sawa, na kutu ikisagika bolti zitalegea. Safisha na nyuzi za bolti, lakini usizipake grisi wala oili, wala usiipake shingo ya bolti. Najua mafundi wengi hupaka. Bolti yenye grisi hukazwa kupita kiasi bila mkazaji kujua. Grisi kidogo sana yaweza kupakwa kwenye kitovu cha habu tu, rimu isigande.

Bolti za rimu ya chuma ni fupi. Za rimu ya aluminiamu ni ndefu, kwa sababu rimu yenyewe ni nene. Usizibadilishane. Ukitumia fupi katika aluminiamu, nyuzi chache tu ndizo zitakazoshika. Ukitumia ndefu katika chuma, ncha itatokeza ndani ya habu, na kwa magurudumu ya nyuma huweza kufika kwenye viatu vya breki ya kuegesha na kuvivunja. Kipimo ni rahisi. Weka rimu mahali pake, ingiza bolti kwa vidole, ukahesabu mizunguko tangu ishike uzi mpaka shingo iguse rimu. Isipungue 7. Ikifika 8 ni vizuri zaidi, maana 8 mara milimita 1.5 ni milimita 12, sawa na unene wa bolti. Ukiisha kutia zote, zungusha gurudumu kwa mkono huku gia imetolewa na breki imelegezwa, vipande vya mti vikiwa bado mahali pake. Ukisikia kitu kinagonga ndani, toa bolti mara moja.

Zikaze kwa kuruka: ya juu, kisha iliyo mbali nayo, si kufuata jirani. Halafu shusha gari chini, ndipo ukaze mara ya mwisho. Nguvu inayotakiwa kwa magari haya ni karibu Nm 100 hadi 110. Kitabu cha gari lako ndicho kitakachokata shauri. Mafundi wazuri wana spana ya kupima nguvu hiyo. Kama huna, kuna njia ya shambani. Twaa spana ambayo toka bolti mpaka ncha ni nusu mita. Ilaze sawa na ardhi, utundike nchani debe lenye lita 20 za maji. Kilo 20 kwa nusu mita ni karibu Nm 100. Spana ikishuka, bado bolti haijakaza. Rudisha spana, utundike tena, mpaka ikae tuli. Si badala ya spana ya kupima, lakini ni bora kuliko desturi yetu ya kupanda juu ya spana kwa miguu miwili. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana ile hutia zaidi ya Nm 340, mara tatu na zaidi. Bolti iliyovutwa hivyo imekwisha kuumia, nayo itakatika siku nyingine, si leo.

Nenda kilomita 50, kisha pima bolti zote tena. Pima tena baada ya 500. Mzee wangu huandika tarehe kwa chaki ndani ya mlango wa stoo, karibu na tarehe za kudunga ng'ombe.

Upepo utiwe asubuhi gari likiwa halijatembea, maana tairi lililopata moto hudanganya kipimo. Kiasi kimeandikwa katika kibandiko upande wa ndani wa kifuniko cha tangi la mafuta. Kama kibandiko kimefutika, angalia kitabu. Ukibeba mzigo, ongeza nyuma kama ilivyoandikwa, wala usimwachie kijana wa pampu akukadirie kwa kupiga teke.

Mguu mpya haufai kitu ikiwa nyonga imeoza. Gari likiwa juu, na likiwa limeshikwa vizuri, shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, tazama beringi na viungo vya mviringo; likicheza kushoto na kulia, tazama mikono ya usukani. Beringi za mbele za gari hili hukazwa kwa kipimo, hazihitaji kubadilishwa kila zinapocheza. Maji ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama hayajapungua, kwa kuwa hunyonya unyevu hewani, na maji yale yakichemka katika mteremko mrefu kanyagio huenda chini bila kushika.

Kuhusu injini nitasema machache. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, pamoja na chujio. Kila kilomita 24,000 hivi, fundi apime nafasi za vali: milimita 0.10 kwa za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa, injini ikiwa baridi. Vali zilizobana hufanya gari liwake kwa shida asubuhi, na watu hulaumu betri. Sisi wa Kinangop tuna baridi, kwa hiyo tazama na plagi za kupasha moto. Magari yaliyoundwa kabla ya 1980 yana plagi zilizounganishwa kwa mfuatano, moja ikifa zote huzimika. Ya baadaye kila plagi hujitegemea.

Wengi wetu tunatia dizeli ya pipa la trekta. Si dhambi, lakini pipa hukusanya maji chini. Chota juu, acha chini pabaki kiasi cha kiganja. Gari lina machujio mawili, dogo la kuonekana ndani na kubwa. Yabadilishwe yote mawili pamoja. Na siku ukizima kwa ufunguo injini ikaendelea kunguruma, usishtuke. Dizeli hizi huzimwa kwa mvuto wa hewa katika mipira myembamba, na mpira mmoja umepasuka mahali, labda hata katika kufuli ya mlango, maana kufuli nazo hutumia mvuto huo huo. Fungua boneti utafute kiwiko kilichoandikwa STOP, ukibonyeze mpaka izime.

Limebaki neno moja la gurudumu la akiba. Ukitia rimu za aluminiamu katika magurudumu manne, yule wa akiba katika buti kwa kawaida hubaki wa chuma. Siku tairi litakapopasuka usiku njiani, utatoa bolti 5 ndefu na kutaka kuzirudisha katika rimu ya chuma, nazo, kama nilivyoeleza, hazifai. Nunua bolti 5 fupi za mviringo, uzitie katika mfuko wa turubai, ukaufunge kwa kamba katika gurudumu la akiba. Mama alipopona mkono alishona mfuko huo yeye mwenyewe kwa kitambaa cha gunia la mbolea, na kila mzee anapoomba ufunguo wa gari, humwuliza kwanza kama mfuko umo.